Neno "Majimaji" na Matumizi Yake

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka wa chama chetu)



Katibu aliponiandikia barua ya kunitaka nizungumze siku ya leo, alisema nichague jambo lolote lenye manufaa kwa wakubwa na kwa wanafunzi. Wenzangu waliopata heshima hii miaka iliyopita walizungumza juu ya uchumi, uongozi na maadili ya kazi. Mimi sina ujuzi wa kuwazidi katika hayo. Ni mtumishi wa umma. Kazi yangu ni mambo ya ardhi katika mji huu wa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya siku zangu nimezipitisha Kinondoni na Temeke, ofisini na vichochoroni. Huko nimekutana na neno moja ambalo hulisikia karibu kila siku, na ambalo nimeliona likijenga nyumba na kuzibomoa. Neno lenyewe ni "majimaji". Naomba ruhusa yenu nilizungumze hilo.

Najua wapo watakaosema moyoni kwamba hilo ni neno la jikoni, halistahili hotuba. Nawaomba wanivumilie kidogo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, kama tulivyofundishwa hapa hapa katika somo la Kiswahili. "Maji" ni jina lisilo na umoja. Hatusemi "ji moja". Tukilirudia mara mbili tunapata "majimaji", na hapo maana inabadilika. Majimaji si maji. Kitu kilicho majimaji ni kitu kingine kabisa, kiti, nguo, udongo au kiazi, ambacho kimeingiwa na maji bila kuacha kuwa kitu hicho. Aidha, neno hili halibadiliki kufuata ngeli: twasema nguo majimaji, kiti majimaji, mikono majimaji; au husema udongo wa majimaji, kidonda chenye majimaji.

Kurudia namna hii ni kawaida ya lugha yetu tunapotaka kupunguza makali ya neno. Chai ikiwa na ladha ya chumvi isiyo chumvi hasa, twasema ina chumvichumvi. Mtu asiyejisikia vizuri, lakini hataki kuwatia wasiwasi watu wa nyumbani, husema ana homahoma. Kuna baridi, na kuna baridibaridi. Kwa hakika ni tabia ya upole. Mswahili hapendi kumtwanga mwenzake na neno zito pale ambapo neno jepesi latosha.

Lakini mkumbuke kwamba kurudia si kupunguza siku zote. Mwaka 1905, katika milima ya Wamatumbi, nyuma ya Kilwa, watu walisimama dhidi ya utawala wa Wajerumani na shamba la pamba la kulazimishwa. Kinjekitile Ngwale, huko Ngarambe, alikuwa amewapa dawa ya maji iliyoaminiwa kugeuza risasi. Vita vile, vilivyoenea kusini yote mpaka 1907, twaviita Vita vya Maji Maji. Hapo kurudia hakukupunguza kitu. Kulikuwa ni sauti ya umma. Songea hata leo ina jumba la makumbusho ya vita hivyo, na timu yake ya mpira wa miguu ilibeba jina lile lile. Basi herufi ni zile zile, kwa kimya cha kuandika kidogo tu katikati. Moja ni neno la mama afuaye nguo, jingine ni neno la taifa. Leo nazungumzia la mama afuaye nguo.

Tuanze na kamba yake ya kuanikia, kwa kuwa hapo pana somo lililo kamili. Nguo iliyotoka kwenye beseni bila kukamuliwa imelowa chepechepe, inatiririka. Ikisha kukamuliwa ni majimaji. Haitiririki, lakini ukiishika mkono wako unalowa. Jua likipiga kidogo inakuwa mbichi. Mkono haulowi, ila huwezi kuivaa. Mwisho kabisa hubaki unyevu, ambao jicho halioni, mpaka uiguse nguo kwa shavu. Ngazi nne hizo, chepechepe, majimaji, mbichi na unyevu, hakuna mtoto wa Temeke anayefundishwa darasani, na hakuna asiyezijua. Lugha iliyo na ngazi nne kwenye kamba moja ya nguo si lugha maskini.

Tutoke hapo tuingie mitaani. Mama lishe hukataa kununua viazi vya majimaji kwa sababu havishiki vizuri kwenye mafuta. Muhogo wa majimaji haukauki ukiuchoma. Fundi umeme humwonya kijana wake asiguse swichi akiwa na mikono majimaji. Fundi mwashi hugombana na vibarua wanaoongeza maji ili zege limwagike kwa wepesi. Yeye anajua kwamba zege likizidi kuwa majimaji likikauka litakuwa dhaifu, hata kama saruji ilitiwa ya kutosha. Rangi haishiki kwenye ukuta wa majimaji, huvimba na kubanduka, na nyuma yake hutoka unga mweupe wa chumvi. Katika mifano yote hii, ndugu zangu, neno hili limefanya kazi ya onyo. Mwenye kulisikia huacha alichotaka kufanya, au hungoja.

Sasa niseme kile ambacho neno hili halisemi. Mtu akikuambia kitu fulani ni majimaji, mambo matatu ameyaacha. Hakukuambia maji yametoka wapi: kiti ni majimaji kwa kumwagiwa, lakini kiazi ni majimaji kwa asili yake. Hakukuambia ni lini: yameanza leo, au huja na kwenda. Wala hakukuambia yanafika wapi: ni juu juu tu, au mpaka ndani. Kwenye kamba ya nguo mapengo hayo hayadhuru mtu. Kwenye mambo makubwa yanadhuru sana. Mambo makubwa hayo nitayatolea mifano miwili, wa afya na wa ardhi. Mmoja watu wameuweka sawa, na mwingine bado.

Nianze na afya. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka hapa Dar es Salaam, kikaanzia Wilaya ya Kinondoni, kisha kikaenea mikoa mingi ya nchi. Ugonjwa huu huua kwa kumkausha mtu. Mgonjwa aweza kupoteza maji mengi mno kwa saa chache, na choo chake hufanana na maji yaliyooshewa mchele. Watu wa afya wangeweza kutumia maneno ya vitabu vyao. Lakini katika mafunzo yao husema "kuharisha majimaji", neno ambalo bibi wa Tandale na kijana wa Tandika wanalielewa kwa pamoja. Na hawakuliacha neno peke yake. Kipimo kinachotumika duniani ni kupata choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku moja. Hiyo ndiyo kuharisha. Neno ni la nyumbani, na pembeni yake imewekwa tarakimu. Mama akilisikia hana haja ya kuuliza maana yake. Kazi yake ni kuhesabu, na akifika 3 anampeleka mtoto na chupa ya maji ya chumvi na sukari mkononi.

Hebu sasa tuje kwenye ardhi, ambako ndiko niliko.

Mji wetu huu haukujengwa juu ya tambarare kavu. Jina la kale la mahali hapa ni Mzizima, na kuzizima, kama mnavyojua, ni kuwa baridi sana, kama yazizimavyo maji ya mtungini. Mvua tunazopata kwa mwaka ni karibu milimita 1,100, na nyingi huanguka katika misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe hadi baharini penye daraja la Selander. Kinondoni kuna Mto Ng'ombe. Upande wa Temeke kuna Mto Kizinga na Mto Mzinga. Kati ya mito hiyo kuna mabonde mengi madogo yasiyo na jina katika ramani. Juu ya vilima udongo ni wa kichanga, maji hupenya upesi. Mabondeni ni mfinyanzi, maji hukaa.

Wazee waliokaa hapa kabla yetu walilijua jambo hilo wakaliandika kwa njia yao, yaani kwa majina ya mahali. Kule Msasani pana Bonde la Mpunga. Aliyepaita hivyo alikuambia kila kitu, kwa kuwa mpunga hauoti pakavu. Mtoni, huko Temeke, hapahitaji maelezo. Kinyume chake, panapoitwa Mikoroshini pana habari njema, maana mkorosho hauvumilii kusimama majini. Labda jina moja tu ndilo linalodanganya kidogo, nalo ni Jangwani, ambapo mgeni angetarajia mchanga mkavu wa ngamia, kumbe ni uwanja wa mafuriko ya Msimbazi.

Wazee hao hawakuyachukia mabonde. Kuna neno ambalo napenda vijana walikumbuke, nalo ni "rutuba". Leo twalitumia kwa ardhi inayozalisha vizuri. Lakini kwa Kiarabu, lilikotoka, maana yake ni unyevu. Watu wa pwani walilipokea neno la unyevu wakaligeuza kuwa neno la neema, kwa sababu waliona kwa macho kwamba mahali penye majimaji ndipo panapotoa mpunga, magimbi, miwa na mchicha. Utaratibu wao ulikuwa rahisi: walilima bondeni, wakalala mlimani.

Mji ulipokua, utaratibu huo ukapinduka. Watu waliokuja kutafuta kazi walihitaji mahali pa kulala palipo karibu na kazi na pa bei wanayoimudu, na vilima vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa. Bonde likawa kiwanja. Hapo neno letu likaanza kazi mpya. Nimezisikia biashara nyingi za viwanja visivyopimwa, na karibu zote zina sentensi moja inayofanana. Dalali husimama na mnunuzi mwezi wa Agosti, ardhi imepasuka kwa ukavu, naye husema kwa sauti ya kirafiki: "Kiwanja kizuri hiki, mzee wangu. Masika huwa na majimaji kidogo tu, ukimwaga kifusi basi."

Tulisikilizeni vizuri sentensi hiyo. Dalali hakusema uongo. Alitumia neno sahihi la Kiswahili, tena alilitumia kama desturi yetu inavyoruhusu, kwa upole. Ila lile neno ambalo kwa fundi umeme na kwa mama lishe ni onyo, kwake limekuwa mto laini wa kumlazia mteja. Yale mambo matatu ambayo neno haliyasemi, ndiyo hasa yanayofichwa: majimaji hayo yanatoka wapi, yanakuja lini, na yanafika wapi.

Nina jirani, fundi seremala, mtu mwangalifu anayepima ubao mara mbili kabla ya kukata mara moja. Alinunua kiwanja cha namna hiyo upande wa Temeke kwa akiba ya miaka tisa. Mwaka wa kwanza alimwaga kifusi, akainua msingi. Masika ikaja, maji yakapita pembeni yakaingia kwa mwenzake wa chini. Mwaka wa pili mwenzake naye akamwaga kifusi, akainua zaidi. Maji yakarudi kwa seremala. Kifusi, ndugu zangu, hakikaushi maji, huyahamisha. Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Mwaka wa tatu shimo la choo lilijaa kutoka chini, na jirani wa juu akatumia usiku wa mvua kutapisha choo chake. Watoto wa seremala waliugua. Yeye aliniuliza swali ambalo sikulisahau: "Mbona mliandika kwamba hapa ni ardhioevu, hamkuandika kwamba hapa maji yanafika magotini?"

Swali hilo ndilo lililoniletea hotuba hii.

"Ardhioevu" ni neno halali, na katika kazi za kitaalamu lina mahali pake. Mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo hayo ulitiwa saini katika mji wa Ramsar, nchini Iran, tarehe 2 Februari 1971, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000. Maana yake ni pana: mabwawa, mito, mikoko, hata bahari yenye kina kisichozidi mita 6 maji yakipwa. Kwa hiyo sisemi neno hilo lifutwe. Nasema kwamba mnunuzi wa kiwanja aliyesimama bondeni mwezi wa Agosti hawezi kulisikia. Ni neno la warsha. Na sheria yenyewe haimsaidii zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka baharini, ziwani au ukingo wa mto. Mita 60 ni kipimo safi. Lakini ukingo wa Msimbazi uko wapi? Agosti uko pale, Aprili uko hapa. Swali la "yanafika wapi" linarudi tena, na mtu wa kawaida hana utepe wa kulipimia.

Gharama yake tumeiona. Tarehe 20 hadi 22 Desemba 2011, wiki mbili hivi baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mvua ilinyesha ambayo watu wa hali ya hewa walisema haijapata kunyesha mjini hapa tangu 1954. Jangwani, Kigogo, Mchikichini na kwingineko watu walikaa juu ya mapaa. Takriban watu 40 walipoteza maisha, na maelfu walikosa makazi. Wengi wa waliokuwa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini ya mbali ya Kinondoni. Wengine walibaki, na wengine walihamia mabondeni baadaye, kwa sababu kazi zilikuwa huku na nauli ni nauli. Kisha Desemba 2015 ikaja bomoabomoa katika Bonde la Msimbazi. Nyumba zikapigwa alama ya X nyekundu, na familia zikatoa vyombo nje. Mimi ni mtumishi wa Serikali na najua sababu za kazi ile. Najua pia kwamba alama ya X ni andiko linalokuja mwisho kabisa, baada ya maneno mengine yote kushindwa kumfikia msomaji wake.

Ndipo ninapouliza: kwa nini ardhi isifanye kama afya ilivyofanya? Watu wa afya walichukua neno la nyumbani wakaliwekea tarakimu. Nasi twaweza kuandika kwenye ubao, pale pale bondeni, kwa rangi isiyofutika: "Hapa huwa majimaji kuanzia Machi hadi Mei. Mwaka 2011 maji yalifika hapa," na mstari mmoja mrefu uchorwe kwenye nguzo, juu ya kichwa cha mtoto. Hakuna mnunuzi atakayehitaji mkalimani, na hakuna dalali atakayeweza kuongeza neno "kidogo". Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Ni hatua kubwa. Lakini kama tutatoa neno la Kiingereza lisiloeleweka na kuweka la Kiswahili lisiloeleweka, mwananchi atakuwa amebaki palepale, ila sasa haelewi kwa lugha yake mwenyewe.

Na isidhaniwe kwamba wananchi hawawezi. Pale Hananasif, Kinondoni, katika miaka ya 1990, wakazi wenyewe walichimba na kujenga mitaro ya maji ya mvua kwa nguvu za mikono yao, wakiungwa mkono na Shirika la Kazi Duniani na wataalamu wetu. Mitaro ile haikuanza na ramani peke yake. Aliyekaa mtaani miaka 20 anajua maji huingia kwa mlango wa nani kwanza. Mtaalamu anajua mteremko na kipimo cha bomba. Wakiongea neno moja, kazi huenda.

Sasa nigeuke kwenu, vijana. Baadhi yenu mtakuwa wahandisi, waganga, mawakili na maafisa kama mimi. Wote, Mungu akijalia, siku moja mtatafuta mahali pa kujenga. Basi mtu akiwaambia kuna majimaji kidogo, msikasirike na msikimbie. Mwulizeni yale matatu.

Yanatoka wapi? Tembea kuelekea juu ya kiwanja. Kama kuna mkondo, mfereji uliokufa, au mabomba ya majirani yanayoelekea kwako, umejibiwa. Tazama na majani: matete na magimbi hayadanganyi, hata wakati wa kiangazi.

Yanakuja lini? Usinunue ulichokiona Agosti. Rudi Aprili, siku ya tatu ya mvua, ukiwa umevaa viatu usivyovipenda. Chimba shimo la kina cha mkono, ungoje. Likijaa lenyewe, basi maji hayaji kiwanjani. Maji yanakaa kiwanjani, na wewe ndiye mgeni.

Yanafika wapi? Tazama kuta za nyumba za jirani. Maji ya mafuriko huacha mstari wa rangi ya udongo, na watu hupaka chokaa juu yake, lakini mara nyingi kwenye uchochoro wa nyuma wameusahau. Kisha mwulize mwanamke mzee kuliko wote mtaani, si dalali wala mjumbe, kwa maana yeye ndiye aliyeinua magodoro.

Mkiwa maafisa, maswali hayo hayo matatu yawe juu ya meza yenu kabla hamjatia saini tangazo lolote. Daktari akiambiwa na mgonjwa "nina homahoma" hamcheki kwa kutumia neno dogo, wala haishii hapo. Huchukua kipimajoto. Nasi tuwe hivyo kwa maneno yote ya wananchi: tuyapokee kama walivyoyasema, kisha tuyapime. Kudharau neno la mtaani kwa sababu halimo katika kitabu cha warsha ni kujinyima habari. Kulipokea bila kulipima ni kumwacha mwananchi mikononi mwa dalali.

Wapo wazee wangu hapa waliojenga mabondeni zamani, na nisingependa waondoke wakidhani nimewasema vibaya. Walijenga pale walipoweza, wakatusomesha sisi kutoka humo humo, wengine wakifua sare zetu kwa maji ya kisima yaliyokuwa yanatoka chini ya kitanda. Lawama haina faida. Faida ni kwamba mabonde hayo yarudishiwe kazi yake. Bustani za mchicha kando ya Msimbazi zimelisha mji huu miaka mingi, na mahali penye majimaji bado ni mahali pa rutuba, kwa maana zote mbili za neno hilo. Pafaa sana kulimwa. Pa kulaza watoto patafutwe mlimani, na sisi tulioajiriwa kwa kodi zenu tuna wajibu wa kuhakikisha kwamba mlimani nako mtu wa kipato kidogo anapata nafasi yake. Bila hilo, ubao wowote tutakaouandika utasomwa na watu wasio na pa kwenda.

Ndugu Mwenyekiti, nimechukua muda mrefu kwa neno la silabi nne. Nawashukuru walimu wa shule hii waliotufundisha kwamba hakuna swali la kijinga juu ya neno.